Jinsi ya kufundisha CPR kijiweni mpaka mikono ikumbuke yenyewe

Mwaka juzi niliwafundisha vijana wa bodaboda huku Mbagala, Dar es Salaam, huduma ya kwanza, hasa CPR, yaani kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambae moyo wake umesimama, siku nzima, projekta, slaidi zaidi ya sitini, chai na chapati saa nne, vyeti saa kumi jioni, picha ya pamoja tukaondoka. Mtihani wa karatasi walifaulu wote. Miezi minne baadae mmoja wao yuko kibanda umiza anaangalia mpira, mzee mmoja wa mtaani akadondoka kutoka kwenye benchi, watu wakammwagia maji, wengine wanampepea na kofia, huyu anasema mvueni viatu, yule anatafuta kitunguu. Kijana wangu alikuwa kama mita tatu tu kutoka pale. Kesho yake akaniambia mwenyewe, amekaa juu ya pikipiki hajaiwasha, "Dada, ile slaidi nilikuwa naiona kabisa, nikawa najiuliza ni thelathini kwa mbili au mbili kwa thelathini, alafu mzee akawa anakoroma nikajua anapumua." Mzee alifikishwa hospitali ameshafariki.

Sikumlaumu na mpaka leo simlaumu. Mimi ndo nilimpa maneno bila kumpa mikono, na ule mkoromo wa mtu ambae moyo umeshasimama sikuwahi kumsikilizisha hata siku moja, ulikuwa ni mstari mmoja kwenye slaidi ya kumi na ngapi sijui. Tangu hapo nimebadilisha karibu kila kitu, na ninachoandika hapa ndo namna ninavyofundisha saivi, hatua kwa hatua, ili na wewe nesi mwenzangu, mwalimu, kiongozi wa kikundi, mtu wa Msalaba Mwekundu, uweze kufanya huko kwenu hata kama huna bajeti.

1. Usiwaite ukumbini, wafuate walipo

Chukua watu sita mpaka nane, sio arobaini. Dakika arobaini zinatosha. Bodaboda wape muda wa saa tano mpaka saa saba abiria wakipungua (Ijumaa achana na hiyo saa, watu wanaenda msikitini), mama lishe wafuate saa tisa wakishaosha masufuria, makonda na madereva wa daladala ni pale gari ikiwa inasubiri foleni stendi. Mweleze mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, na kama unaweza mwombe polisi kata aje akae na yeye ajifunze, maana swali la kwanza utakaloulizwa kila kijiwe ni lile lile, "nikimgusa akafia mikononi mwangu si nitaambiwa nimeua mimi?" Watu wakimuona askari mwenyewe amepiga magoti anakandamiza mdoli, hofu inapungua kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Kabla hujaanza waambie kwanini umekuja kwao. Idara ya kwanza ya magonjwa ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili 2010, madaktari bingwa wa dharura tunao, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete ipo pale pale, lakini mtu ameangukia Rangi Tatu huku Mbagala na barabara ya Kilwa imesimama, ubongo wake ukikosa oksijeni unaanza kuharibika ndani ya dakika nne mpaka sita hivi, na kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa na mashine nafasi yake ya kupona inashuka kwa asilimia 7 mpaka 10. Piga hesabu na wao pale pale, kutoka kijiweni kwao mpaka hospitali ya Temeke, Amana au Mwananyamala ni dakika ngapi saa kumi na mbili jioni. Wanazijua foleni kuliko wewe. Wakishataja wenyewe hiyo namba, hutahitaji kumbembeleza mtu.

2. Tengeneza mdoli, usisubiri wa kununua

Midoli ya kitaalamu ni mizuri sana, mingine ina taa zinazokuonyesha kama umekandamiza vya kutosha, na kama chuo au hospitali itakuazima chukua bila kujiuliza. Ila usipoupata usiahirishe. Mdoli wa kwanza maarufu wa CPR, Resusci Anne, ulitengenezwa 1960 na Asmund Laerdal wa Stavanger, Norway, ambae kazi yake ilikuwa kutengeneza midoli ya kuchezea watoto. Kwa hiyo hata fundi cherehani wa hapo mtaani anaweza kuwa mwenzako kwenye hii kazi.

Mimi nafanya hivi. Natafuta chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, ile ngumu kidogo, kifuniko nakikaza kweli kweli ili hewa isitoke. Naomba kwa fundi vile vipande vya nguo anavyotupa, na kipande cha godoro kuukuu. Tisheti kubwa nashona chini na mikono, ndani upande wa mgongo natanguliza kipande cha plaiwudi (bila plaiwudi mdoli unazama chini na mtu hapati ule ugumu), juu yake chupa imelala katikati ya kifua kwa urefu, pembeni najaza vile vitambaa mpaka vikaze, alafu juu ya chupa kipande chembamba cha godoro. Kichwa ni mpira wa watoto uliovishwa soksi kubwa. Ukikandamiza katikati unaisikia chupa inaita "kwap" na ukiachia inarudi juu yenyewe, na ule mrudio ni muhimu sawa na ule mkandamizo kwa sababu kifua kikirudi juu ndo moyo unajaa damu tena. Chupa ikibonyea ikabaki hivyo, badilisha.

Tengeneza miwili angalau. Na mmoja uvishe kanga au baibui. Hili nalisisitiza, kwa sababu nimeona wanaume wazima wanakandamiza mdoli wa tisheti vizuri kabisa, ukiwaletea wa baibui mikono inasita, wanaangaliana. Bora wasite hapo kijiweni kwenye mdoli waongee waimalize, kuliko wasite siku mama wa watu amelala chini anawasubiri.

Kwa upande wa kupuliza pumzi, huo mdoli wa chupa hautoshi. Kila mtu namgawia puto lake na shingo ya chupa ndogo iliyokatwa, puto unalivisha pale kwenye shingo, anapuliza kwa sekunde moja mpaka puto linyanyuke, basi, sio kulijaza mpaka lipasuke. Kuinamisha kichwa nyuma na kuinua kidevu wanafanyiana wao kwa wao, mmoja amelala kwenye mkeka. Ila marufuku, na useme kwa sauti, kukandamiza kifua cha mtu mzima wa afya kwa mazoezi. Kifua ni cha mdoli tu.

3. Anza na mkoromo

Kabla ya mikono, masikio. Lala chini mwenyewe, usione aibu kuchafua nguo, fungua mdomo, alafu vuta pumzi moja nzito ya kukwama kama samaki aliyetolewa majini, kaa kimya sekunde saba nane, vuta nyingine. Waulize, huyu anapumua? Robo tatu ya watu watasema ndio. Hapo ndo somo lenyewe lilipo. Moyo ukisimama ghafla mtu anaweza kuendelea kutoa hizo pumzi za kukoroma kwa dakika kadhaa, na mwanzoni anaweza hata kutikisika kidogo mwili watu wakasema kifafa, kumbe moyo umeshasimama.

Alafu lala tena upumue kawaida, kifua kinapanda kinashuka kwa utaratibu, waangalie tofauti. Rudia mara nne tano ukichanganya, wao wanapiga kelele "anapumua!" au "hapumui!", utaona mara ya tano hawakosei. Kanuni ya kuwaachia ni hii: mtikise mabega, muite kwa nguvu, angalia kifua kisizidi sekunde kumi, kama haitiki na hapumui kawaida basi unaanza. Mtu wa kawaida hahitaji kutafuta mapigo shingoni, anapoteza muda na mara nyingi anajidanganya, anayasikia ya vidole vyake mwenyewe.

4. Mikono, kwa mizunguko minne

Kuna mtindo wa kufundisha unaitwa wa Peyton, nimeujaribu miaka sasa na unafaa sana kijiweni. Mzunguko wa kwanza unafanya wewe, kimya kabisa, kwa kasi ya kweli, huelezi chochote. Wa pili unafanya pole pole ukieleza. Wa tatu unafanya wewe lakini wanaokuelekeza ni wao, "weka kiganja katikati ya kifua, weka mkono mwingine juu yake, nyoosha viwiko", wakisema kosa unafanya kosa lile lile wanalosema mpaka wajirekebishe. Wa nne anafanya yeye huku anasema mwenyewe. Huo wa tatu ndo watu wanaurukaga kwa haraka, na ndo wenye utamu wote, maana anayeelekeza anajikuta ameshapanga kichwani kabla hajagusa.

Vipimo vyenyewe kwa mtu mzima: kina angalau sentimita 5 na isizidi 6, mi nawaambia upana wa vidole vyako vitatu, kasi ni mara 100 mpaka 120 kwa dakika, unaachia kifua kirudi chote bila kuondoa mikono, na kila dakika mbili mnabadilishana hata kama unajiona bado una nguvu. Anayejua kupuliza anapiga 30 anapuliza 2. Asiyejua au asiyetaka kupuliza akandamize tu bila kusimama, kwa mtu mzima aliyedondoka ghafla hiyo nayo ni msaada mkubwa.

Sasa kuna jambo dogo ambalo vitabu vya nje havitakuambia kwa sababu halipo kwenye lugha yao. Ukimwambia Mswahili ahesabu mpaka thelathini huku anakandamiza, kumi za kwanza anaenda vizuri, akifika "ishirini na saba, ishirini na nane" maneno yamekuwa marefu na mikono inasubiri mdomo, kasi inashuka mpaka themanini. Nimepima na simu mara nyingi sana. Kwa hiyo wahesabu moja mpaka kumi, mara tatu. Basi, tatizo limekwisha.

Kwa kasi pakua programu yoyote ya metronomu ya bure kwenye simu, ile inayopiga mdundo kwa kasi unayoichagua, weka 110, iunganishe na spika ya bluetooth. Watu watakuomba uweke mziki, ni sawa, ila angalia mziki gani. Singeli inakimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, ukiifuata pigo kwa pigo unamchosha mkandamizaji na kifua hakipati nafasi ya kurudi. Vijana wa Manzese walinionyesha ujanja wao, wanakandamiza pigo moja wanaruka moja, nikapima ikatoka 108. Nilifurahi kweli siku hiyo. Ila kwa anayeanza baki na metronomu kwanza.

5. Sasa leta mtaa ndani ya somo

Hapa ndo penye tofauti kati ya kufundisha na kufundisha. Mtu akijifunzia kwenye ukimya, siku ya makelele atatafuta ule ukimya hataupata. Wenzetu wenye hela wanajenga vyumba vyenye skrini kuta zote na moshi na ving'ora. Mimi naenda stendi ya Rangi Tatu saa moja asubuhi na simu yangu narekodi dakika tano, makonda wanaita, honi, muuza karanga, mtu anagombana nauli, alafu siku ya mazoezi naiweka kwenye spika sauti ya juu kabisa. Haigharimu kitu na kila mtu anajikuta yuko Rangi Tatu.

Alafu gawa nafasi za kuigiza, kwa vikaratasi, kila mtu anasoma chake kimya kimya. Mmoja ni mke wa mgonjwa, kazi yake kulia na kumvuta mkandamizaji mkono. Mmoja ana ndoo ya maji na anataka kummwagia. Mmoja anarekodi video na simu karibu na uso kabisa. Mmoja ni mzee wa heshima anayesema "muacheni apumzike kwanza". Na mmoja ni wa bajaji, anapiga honi anataka wampakie sasa hivi. Mwanafunzi hajui vikaratasi vya wenzake vimeandikwa nini, anaambiwa tu, "mtu amedondoka, nenda."

Utaona mambo ambayo darasani hayatokei. Mara ya kwanza tulivyofanya na mama lishe wa hapa Tandika, mama mmoja mpole sana, muda wote wa mafunzo alikuwa ananong'ona, alipiga magoti kwenye mdoli, yule mwenye ndoo akamsogelea, mama hakuinua hata uso, huku mikono inaendelea akasema, "Baba, weka hiyo ndoo chini, njoo upande huu, mimi nikichoka unapokea wewe." Yule mwenye ndoo akasahau kama anaigiza, akaweka ndoo akapiga magoti. Tangu hapo hilo ndo jibu tunalowafundisha wote: anayekusumbua mpe kazi. Mwenye simu ya kurekodi ndo wa kupiga simu, na umtaje, "we kaka mwenye jezi ya kijani, piga 112, alafu rudi uniambie wamesemaje". Ukisema "jamani mtu apige simu" hapigi mtu. Wa zimamoto na uokoaji ni 114, wakariri hiyo pia.

Na wa bajaji? Huyu nampa muda mrefu kidogo kwa sababu ndo mtego mkubwa wa Dar. Sisi tukiona mtu ameanguka akili ya kwanza ni kumpakia. Kwenye bajaji huwezi kukandamiza kifua, amekaa nusu amekunjwa, kichwa kimeinama njia ya hewa imeziba, ukifika hospitali dakika ishirini baadae umepeleka mwili. Akandamizwe pale pale chini kwenye sehemu ngumu huku wengine wanatafuta usafiri, na kama gari la wagonjwa halipatikani basi kirikuu ni bora mara mia kuliko bajaji, nyuma ni bapa, ni kugumu, watu wawili wanaweza kuendelea kukandamiza wakipokezana na mwingine amewashika wasianguke. Dereva aende taratibu. Tulijaribu kwenye kirikuu cha jirani na mdoli, barabara ya vumbi, vijana wakaona wenyewe kwamba gari ikikimbia mikono inaruka kifuani.

Badilisha mazingira kufuatana na watu. Wa ufukweni, Coco na Kigamboni, wape mtoto aliyetolewa majini: hapo kilichokosekana ni hewa, unaanza na kupuliza pumzi ndo unafuatia kukandamiza, na hakuna kumning'iniza miguu juu wala kumminya tumbo kutoa maji. Na waigize uokoaji bila kuingia majini, dumu tupu la lita ishirini limefungwa kamba, unarusha, kwa sababu mara nyingi wanazama wawili, aliyezama na aliyemfuata. Mafundi umeme na wa welding wape mtu ameshikwa na shoti, yeyote atakayemgusa kabla ya kuzima meni switchi unamwambia na wewe umeshakufa lala hapo. Bodaboda wape damu. Changanya maji na rangi nyekundu ya keki kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko, ifiche ndani ya suruali, iminywe, waone kwamba kitambaa kukandamizwa kwa nguvu palepale panapotoka kinazuia na kwamba ukifunua funua kuchungulia inaanza upya. Kanga iliyokunjwa inafanya kazi nzuri sana.

6. Simamisha, rudisha nyuma

Mtu akikosea katikati ya igizo usisubiri mwisho. Sema "simama", mwambie kosa moja tu kwa sentensi moja, "viwiko vimekunjika", alafu "rudi nyuma sekunde kumi, endelea". Anarudia palepale mpaka itoke sawa, ndo mnasonga. Dokta Elizabeth Hunt na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, waliandika 2014 kuhusu mtindo huu kwa madaktari wa watoto walioko mafunzoni, na ni hapo hapo Johns Hopkins ambapo 1960 ndo ulitangazwa huu ukandamizaji wa kifua kwa nje. Wazo lao ni rahisi, muda mwingi wa somo uwe wa kufanya sahihi na sio wa kusimuliwa ulichokosea. Usipige kelele, usicheke mtu. Mtu akichekwa mara moja mbele ya kijiwe chake hatanyoosha mkono siku ya kweli.

7. Simu, WhatsApp na ile miwani

Najua kuna wanaotamani teknolojia, na mimi naipenda pia. Resuscitation Council ya Uingereza walitoa 2013 mchezo wa video unaoitwa Lifesaver, unaangalia tukio linatokea alafu linakuuliza ufanye nini na una sekunde chache, ukikosea unaona matokeo yake, na kwenye simu unaitikisa juu chini kwa kasi ya kukandamiza. Baadae ikaja ya miwani ya VR, unaivaa unajiona uko ndani ya tukio lenyewe. Waholanzi wakaipima kwenye tamasha la muziki la Lowlands 2018, watu 381, nusu wakafundishwa na miwani na simu dakika ishirini, nusu na mwalimu na mdoli. Kasi ya mikono wale wa miwani hawakuwa nyuma, mara 114 kwa dakika, wenzao 109. Kina ndo kikawaangusha, wastani milimita 49, wenzao 57. Yaani miwani inakufundisha kuamua na inakufundisha mdundo, ila uzito wa mwili unafundishwa na mdoli. Kwa hiyo ukipata miwani, hata ile ya boksi la karatasi unayochomeka simu, itumie kwa kuanzia, na mdoli uwe chini pale pale.

Bila miwani kuna kitu nakifanya kwenye grupu la WhatsApp na hakili bando sana. Jumatano usiku natuma voisi noti ya sekunde ishirini, makelele nyuma, "dada umetoka sokoni, mtoto wa jirani wa miaka miwili amekabwa na karanga, halii, hakohoi, midomo inakuwa ya bluu." Alafu kura yenye chaguo tatu: mpe maji, mpige mgongoni, ingiza kidole. Dakika mbili nafunga. Waliochagua maji wanapokea voisi ya pili, hali imekuwa mbaya. Waliochagua mgongo wanapokea inayoendelea, mtoto amelazwa kifudifudi pajani kichwa kikiwa chini, anapigwa makofi matano katikati ya mabega, haijatoka, sasa nini? (Ni kusukuma tumbo kwa ndani na juu mara tano, juu ya kitovu, alafu unarudia, mtoto chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo, anasukumwa kifua.) Watu wanabishana humo mpaka saa tano usiku, baba watu wazima, na mimi naacha wabishane kwanza ndo naingia.

8. Mkimaliza igizo, kaeni chini

Zima spika. Maji ya kunywa. Muulize aliyekandamiza swali moja, "ulikuwa unasikia nini?", alafu nyamaza. Usiruke kwenye kusahihisha. Saa zingine hapo ndo mtu anasema mwanangu alizama, mume wangu alidondoka hivi hivi na mimi sikujua. Imenitokea zaidi ya mara moja, na siku hizi kabla ya igizo la mtoto majini nawauliza faragha kama kuna ambae halimfai, akae pembeni bila kuelezwa sababu. Na waambie ukweli: wengi wanaosimama moyo hawarudi hata ukifanya kila kitu sawa, na asiporudi hukumuua wewe. Yule kijana wa kibanda umiza sasa ndo ananisaidia kufundisha, na sehemu hii namuachia yeye.

9. Rudi, rudi tena

Ukifanya yote hayo mara moja ukaondoka, ndani ya miezi mitatu mpaka sita sehemu kubwa itakuwa imepotea. Ushahidi mzuri wa hili umetoka hapa hapa kwetu. Hospitali ya Haydom, Manyara, wakunga walifundishwa kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua kwa mafunzo ya Helping Babies Breathe, siku moja. Utafiti uliotoka 2013 ukaonyesha kwenye mdoli walifanya vizuri zaidi, lakini wodini kwa watoto wa kweli mambo hayakubadilika. Hawakukata tamaa, wakaweka mdoli karibu na chumba cha kujifungulia, wakawa wanafanya mazoezi mafupi mafupi mara kwa mara hapo hapo kazini, na 2015 wakaripoti vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua. Mafunzo ni yale yale, kilichoongezeka ni kurudia.

Kwa hiyo mdoli hauondoki na wewe. Uache kijiweni, na chagua mtu wa kuutunza, sio lazima awe kiongozi, awe yule anayeshinda pale. Dakika kumi kwa wiki, siku moja, watu wawili wawili, dakika mbili za kukandamiza kila mmoja na metronomu, igizo moja dogo. Mimi napita mara moja kwa mwezi tu kuangalia viwiko.

Pale kijiweni Mbagala mdoli unakaa chini ya benchi, umefunikwa na turubai la mvua. Wiki iliyopita nilipita bila taarifa nikamkuta dogo mmoja mgeni, hata sijawahi kumuona, yuko kwenye magoti anahesabu kumi ya tatu, na mwenzie amemsimamia kichwani anamwambia, "Achia kifua kirudi, mwanangu, achia kirudi." Chupa ilikuwa mpya. Ya zamani walishaipasua, na wakaenda kuomba nyingine kwa mama lishe wenyewe.